Vitamu vya Ugenini na Swali la Asili

Ulimi wa msafiri ni mwanafunzi mwepesi. Kabla macho hayajayazoea majengo ya nchi ngeni, na kabla masikio hayajaizoea lugha yake, ulimi umekwisha pata somo lake la kwanza. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipelekwa kukaa katika nyumba ya wanafunzi, na huko akaletewa chakula kutoka kwa mtawala wa mji. Alikihifadhi chakula kile katika habari za safari zake: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mti, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, malimau ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Nyumba ile ya wanafunzi haionekani tena, lakini sahani ile ya wali ingali mbele ya kila asomaye.

Katika habari ile kila chakula kilikuwa na mwenyewe. Mtu alikituma, mtu alikileta, na mtu alikaa na mgeni akila. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo Waswahili. Na maana mojawapo ya methali hiyo ni kwamba kuonja ugenini kulikuwa jambo la watu wawili. Mgeni aliyetaka kujua jina la kitu, au namna ya kukila, au sababu ya kupikwa kwake siku ile, alikuwa na wa kumwuliza.

Mwaka 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, na duka hilo lilibadili jambo hili kuliko alivyokusudia yeye mwenyewe. Zamani mnunuzi alisimama mbele ya meza, na mwuzaji akampimia unga au sukari kutoka katika magunia na mapipa yaliyokuwa nyuma yake. Katika duka la Saunders mnunuzi alishika kikapu, akapita kati ya rafu, akachagua kwa mkono wake, kisha akalipa alipokuwa akitoka. Mwuzaji alinyamaza; pakiti ikaanza kusema. Wahenga walionena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza hawakuliona duka la namna hiyo, ambamo kizuri na kibaya hukaa rafu moja, kila kimoja kikijiuza kwa rangi na picha.

Duka la namna hiyo, ambalo leo huitwa supamaketi, lilimpa msafiri uhuru ambao Ibn Battuta hakuwa nao. Mtu aweza kuingia katika mji asiojua ndani yake mtu wala neno, na baada ya nusu saa akatoka na mfuko wa biskuti, peremende na chokoleti ambazo hajapata kuziona maishani mwake. Lakini uhuru huo una gharama. Hapana wa kumwuliza. Msafiri husimama peke yake mbele ya rafu, na kwa kuwa amesafiri mbali, hutaka kitu cha mahali pale hasa. Kitu kinachofanana na cha kwao hukirudisha. Kitu chenye jina la Ulaya hukidharau. Hutafuta kile ambacho hakikuguswa na mkono wa mgeni. Kwa ufupi, hutafuta asili. Swali la kufaa kuulizwa ni kama kipimo hicho ni cha haki.

Nchi inayofaa kulijaribu swali hilo ni Japani. Maduka ya nchi hiyo husifiwa sana na wasafiri kwa wingi na ugeni wa vitafunio vyake, na watu wake wametunza kwa bidii tarehe za vitu ambavyo mataifa mengine huviona vidogo mno kuandikwa. Kadhalika, njia iliyopeleka baadhi ya vitamu hivyo Japani ilipita mbele ya pwani ya Waswahili.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na kutoka Malindi akapata rubani wa kumvusha mpaka India. Wareno hawakukomea hapo. Walifika Goa, Malaka na Makao. Mwaka 1543 baadhi yao walifika katika kisiwa cha Tanegashima, na tangu mwaka 1571 bandari ya Nagasaki ikawa mlango wa biashara yao na Wajapani. Bahari ilikuwa njia moja, na maneno yalisafiri pamoja na bidhaa. Mswahili achezapo karata na Mjapani achezapo karuta hutamka neno moja la Kireno, kila mmoja kwa ulimi wa kwao. Mswahili alichukua meza na mvinyo. Mjapani akachukua pan, yaani mkate, na tabako. Hapana hata mmoja kati yao ambaye leo husimama kutafakari Ureno kabla ya kugawa karata au kukata mkate.

Mwaka 1569 padre wa Kireno, Luís Fróis, alimpelekea mtawala mwenye nguvu, Oda Nobunaga, zawadi ya chupa ya kioo iliyojaa peremende ndogo za sukari. Wareno waliziita confeito. Wajapani wakaziita konpeito. Miaka 12 baadaye, yaani mwaka 1581, mtawala huyo huyo alionana na Mwafrika aliyekuja na mapadre hao, akampenda, akamwita Yasuke, akampa nyumba na upanga mfupi, akamweka katika watumishi wake. Peremende na mtu vilifika kwa jahazi za taifa moja, na vyote viwili vikapata majina mapya.

Konpeito ni tone la sukari lenye vipembe kama nyota. Kulitengeneza ni kazi ya subira: punje ndogo hugeuzwa katika karai la moto huku ikimiminiwa maji ya sukari kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka vipembe vitokeze. Wajapani walizila kwa muda mrefu pasipo kuijua siri ya kuzifanya. Mwandishi Ihara Saikaku, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1688, alisimulia habari ya mtu wa Nagasaki aliyehangaika kuitafuta siri hiyo mpaka akagundua kwamba ndani ya kila tone ilianza punje ya ufuta. Hadithi ya Saikaku ni hadithi ya mali, lakini yafunza jambo lingine pia: kitu cha mgeni huanza kuwa cha mwenyeji siku ile mwenyeji anapojua kilichomo ndani yake.

Pamoja na konpeito ilikuja keki iliyoitwa kwa jina la nchi ya Castela, nayo Wajapani huiita kasutera. Hutengenezwa kwa mayai, sukari na unga wa ngano, bila siagi. Mtu wa Unguja aliyelelewa kwa mkate wa mayai hataona shida kuifahamu. Waokaji wa Nagasaki waliiongezea maji mazito ya utamu yatokanayo na nafaka, ikawa laini na yenye unyevu, tofauti na keki za Ureno. Duka moja la mji huo huuhesabu mwaka 1624 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwake. Mwaka 1639 Wareno walifukuzwa katika nchi nzima, na dini yao ilikuwa imekwisha pigwa marufuku. Padre aliondoka, keki ikabaki. Vizazi vilivyozaliwa baada ya hapo, ambavyo havikupata kumwona Mreno, viliiona kasutera kuwa kitu cha Nagasaki, na havikukosea.

Hata hivyo utamu hauji peke yake. Baada ya mwaka 1641 Wadachi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara, nao walifungiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima kilichomo bandarini Nagasaki. Sukari iliyoletwa na jahazi zao na za Wachina ilipandishwa bara kwa njia iliyokatiza kisiwa cha Kyushu, na miji ya kando ya njia hiyo ikawa miji ya watengeneza vitamu. Leo njia hiyo hukumbukwa kwa jina la Njia ya Sukari. Tokugawa Yoshimune, aliyetawala tangu 1716 hadi 1745, alihimiza muwa upandwe nchini ili fedha isitoke nje. Lakini kusini, katika visiwa vya Amami, watawala wa Satsuma walikuwa wakiwalazimisha wenyeji kulima muwa na kutoa sukari yote kwao, na katika karne ya 19 amri hizo zilikazwa hata mlimaji mwenyewe akazuiwa kuionja. Jambo hili si geni kwa msomaji wa historia ya Pangani, ambako katika karne ile ile sukari ilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa. Atakaye kuisifu asili ya kitamu chochote na aikumbuke pia mikono iliyokata muwa wake.

Japani ilipofunguliwa, na utawala mpya wa mfalme Meiji kuanza mwaka 1868, vyakula vya Ulaya viliingia kwa wingi. Mkate ulijulikana lakini haukupendwa. Kwa mlaji wa wali ulikuwa mkavu na mchachu. Kimura Yasubei, mwokaji wa Tokyo, alitafuta njia ya kuupatanisha na ulimi wa wenyeji. Hakutumia chachu ya Kizungu. Aliuumua unga kwa chachu ya pombe ya mchele, na mwaka 1874 akatia ndani ya mkate rojo tamu la kunde ndogo nyekundu, ambalo Wajapani huliita an na ambalo lilikuwa katika vitamu vyao tangu zamani. Mkate huo uliitwa anpan. Tarehe 4 Aprili 1875 uliandaliwa mbele ya mfalme Meiji, ukiwa na ua la sakura lililotiwa chumvi katikati yake. Katika neno anpan silabi ya kwanza ni ya kale na ya pili ni ya Kireno, na hapana Mjapani aonaye mshono kati yake.

Mtu wa pili wa kukumbukwa ni Morinaga Taichiro. Alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Imari, kisiwani Kyushu. Mwaka 1888 alikwenda Marekani, akajifunza kazi ya peremende kwa taabu ya mtu wa ugenini, na mwaka 1899 alirudi akafungua kiwanda kidogo Tokyo. Karameli zake za kwanza zilikuwa kitu cha anasa na zililainika upesi kwa joto na unyevu. Mwaka 1914 alizitia katika kijisanduku cha karatasi kienezacho mfukoni, na karameli ikawa mali ya kila mtoto mwenye senti chache. Mwenzake, Ezaki Riichi, alianza mwaka 1922 kuuza karameli aliyoitia kirutubisho kilichotolewa katika chaza, akaiita Glico. Utamu wa Ulaya na chaza wa pwani ya Kyushu vilikutana katika pakiti moja.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, nchi ilikuwa na njaa, na mji wa Hiroshima ulikuwa majivu. Katika mji huo iliundwa mwaka 1949 kampuni iliyokuja kuitwa Calbee, jina lililofanyizwa kutokana na kalisi na vitamini B1, kwa kuwa mwanzilishi wake alitaka watoto wapate afya katika vitafunio. Mchele ulikuwa haba. Ngano iliyoletwa kutoka Marekani ilikuwa nyingi. Desturi ya Japani ilikuwa kufanya vitafunio vikavu kwa mchele, lakini haja haingoji desturi. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilitoa vijiti vya unga wa ngano vilivyosagiwa ndani yake kamba wadogo pamoja na maganda yao, vikaitwa Kappa Ebisen. Msafiri aokotaye pakiti hiyo na kuisifu kuwa ni Japani tupu husifu ngano ya Marekani, kamba wa baharini, na njaa ya baada ya vita, vyote vikiwa vimepata ladha moja.

Mfano wa mwisho ni ule unaowashangaza wageni zaidi. Kit Kat ni chokoleti ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kiwanda cha Rowntree cha mji wa York kwa jina jingine, na kupewa jina lake la sasa mwaka 1937. Ilifika Japani mwaka 1973. Katika kisiwa cha Kyushu watu waliona kwamba jina hilo lakaribia maneno ya Kijapani, kitto katsu, yaani utashinda bila shaka, wazazi na marafiki wakaanza kuwapa wanafunzi waendao kufanya mtihani. Kisha ikaungana na desturi kubwa zaidi. Tangu zama za Edo, vijiji viliweka akiba ya pamoja ili kumpeleka mmoja wao kuhiji katika hekalu la Ise. Naye aliporudi hakuweza kurudi mikono mitupu kwa wale waliomlipia safari. Zawadi za zamani zilikuwa nyepesi na zisizooza. Reli, iliyoanza mwaka 1872, ndiyo iliyowezesha vyakula vya kila mji kubebwa hadi nyumbani vingali vizuri. Hivyo ilikuwa desturi kila mahali pawe na kitamu chake cha kupeleka. Tangu mwaka 2000 chokoleti ile ya York nayo ikaanza kuvaa ladha za miji: chai ya kijani ya Uji, wasabi ya Shizuoka, viazi vitamu vya zambarau vya kusini. Ladha zilizokwisha kutolewa ni zaidi ya 300.

Katika mifano hii yote yaonekana hatua tatu. Kwanza mwenyeji hukipa kitu jina linalokaa vema kinywani mwake. Pili hukibadili umbo kwa kile alicho nacho, awe ana kunde, au kamba, au chachu ya mchele. Tatu, na hii ndiyo hatua kubwa, hukitia katika desturi zake: hukitoa kwa mwanafunzi, hukipeleka kwa jirani, hukiweka mbele ya mfalme. Kitu kilichopita hatua hizo tatu hakiwi tena cha kuazima. Asili ya kitu, kwa maana hiyo, si mahali kilipozaliwa tu, bali pia mahali kilipolelewa.

Jambo hili lingekuwa la peremende peke yake lisingestahili kurefushwa. Lakini kipimo cha msafiri asimamaye mbele ya rafu ndicho kipimo walichopimiwa Waswahili wenyewe. Kwa miaka mingi waliandika wageni kwamba miji ya pwani ilikuwa makoloni ya Waajemi na Waarabu, na kwamba lugha yake ni mchanganyiko usio na kwao. Waliokota neno hapa na mlango wa kuchonga pale, wakauliza vilikotoka, na baada ya kupata jibu wakadhani wamemaliza kazi. Uchimbaji uliofanywa na Mark Horton katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, katika miaka ya 1980, ulionyesha mji uliokua pale pale tangu karne ya 8: miti na udongo kwanza, mawe ya matumbawe baadaye, kizazi juu ya kizazi. Mgeni alikuja na kitu. Mwenyeji alikuwapo kukipokea.

Lugha nayo yatoa ushahidi ule ule. Kitabu ni neno la Kiarabu, lakini Mwarabu hasemi vitabu. Mswahili aliisikia silabi ya kwanza ya neno lile, akaitambua kama ki yake mwenyewe ya kiti na kisu, akalitia neno katika ngeli zake likatii. Kimura hakufanya zaidi ya hapo alipotia rojo la kunde ndani ya mkate. Na mahindi, ambayo jina lake laelekea India ilhali mmea wake ulitoka Marekani, yamekuwa ugali wa nyumba ambazo hazina habari na India wala Marekani. Atakayesema sambusa si ya Waswahili kwa sababu jina lake latoka Uajemi, na awaambie Wajapani waitupe kasutera baharini.

Haifuati, hata hivyo, kwamba kila kilichomo katika rafu kimekuwa cha mwenyeji. Vipo vitu vilivyoshuka melini jana na ambavyo vitaondoka kesho pasipo mtu kuviulizia. Na vipo vilivyovalishwa picha ya mlima au hekalu ili kumpendeza mgeni tu. Nguo si damu. Kipimo cha kuvitenga ni chepesi kusema na kigumu kutumia: kama kitu hicho kingekoma kutengenezwa, je, wenyeji wangekilia? Je, yuko bibi anayekikumbuka kwa siku fulani, au mtoto anayekingoja kwa mtihani? Pakiti haiwezi kulijibu swali hilo. Hapo ndipo duka la Saunders, pamoja na manufaa yake yote, linaposhindwa, na msafiri hurudi kuwa na haja ya kile alichokuwa nacho Ibn Battuta katika nyumba ya wanafunzi, yaani mtu wa kumwuliza.

Mtu huyo hayuko mbali. Husimama penye kulipia, au hungoja nyuma ya msafiri katika mstari akiwa na pakiti ile ile mkononi. Msafiri amwulizaye huyo alikozoea kukila kitu hicho, na nani aliyemnunulia mara ya kwanza, ataondoka na biskuti yenye mwenyewe. Na afikapo kwao na kuigawa kwa jamaa, mtoto akamwuliza hii ni ya wapi, atakuwa na jibu refu kuliko jina la nchi.